Waraka uliozua zogo Morogoro

Kosa langu lilikuwa la neno moja. Lilinigharimu shilingi 385,000 na usingizi wa wiki nzima, na nusura limwondoe mteja niliyekuwa namtegemea. Naliandika kwa ajili ya wafasiri wanaoanza, waandishi wa habari, wanafunzi wa sheria, na yeyote aliyewekewa mezani hati ya serikali ya kueleza msimamo wake, iitwayo "White Paper", akaambiwa awaeleze watu kwa Kiswahili ni kitu gani.

Mwaka 2019 shirika moja la Dar es Salaam lilinipa kitini cha kurasa 46 nikifasiri kutoka Kiingereza. Kilikuwa cha mafunzo ya wajumbe wa kamati za shule na viongozi wa kata, kueleza sera zinatungwaje katika nchi za Afrika Mashariki. Mwandishi wake alikuwa Mganda, mtu makini, na alikijaza mifano: Uganda, Kenya, Tanzania, hadi enzi za Mwingereza. Nilipewa siku tisa. Nilikuwa na miaka sita katika kazi hii, nimefasiri mikataba ya upangaji, vipeperushi vya kliniki na katiba za vikundi vya kukopeshana. Niliamini nimeiva.

Neno lenyewe, "White Paper", lilianza ukurasa wa 7 na kurudi mara 31. Katika rasimu ya kwanza niliandika "karatasi nyeupe", kama kamusi ndogo niliyonayo inavyokushawishi ufanye. Bahati nzuri nina mjomba aliyestaafu utendaji wa kata, na nina desturi ya kumsomea kazi zangu kabla sijazipeleka. Nikamsomea: "Serikali ilitoa karatasi nyeupe kuhusu elimu." Akanisimamisha. "Mama, serikali imetoa karatasi nyeupe, maana yake hawakuandika kitu?" Na kweli, kwetu karatasi nyeupe ni karatasi tupu, ile unayompa mtoto achore. Nilishukuru, nikarudi kwenye kompyuta.

Hapo ndipo nilipoteleza. Ilikuwa saa tano usiku, siku ya nane. Nilijua kwamba hati kubwa za serikali kwetu huitwa nyaraka. Nikaagiza programu itafute "karatasi nyeupe" kila ilipo na kuweka "waraka". Mara 31 kwa mpigo mmoja. Nikarekebisha upatanisho wa sentensi, nikalala, asubuhi nikatuma. Shirika likachapa nakala 350.

Mafunzo yalifanyika Morogoro, na niliitwa kuwa mkalimani wa yule mwandishi. Siku ya kwanza ilipita vizuri. Siku ya pili, saa nne asubuhi, tulifika ukurasa wa 19, wenye kichwa cha habari nilichokiandika mimi kwa mkono wangu: "Waraka wa Elimu wa 1992". Chini yake nilikuwa nimeandika kwamba waraka huo uliagiza watoto wa darasa la kwanza hadi la nne vijijini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na kwamba Kiswahili na Kiingereza yawe masomo ya lazima. Jina la Uganda lilikuwa limetajwa ukurasa wa nyuma yake. Katika ukurasa wa 19 halikuwapo.

Afisa elimu kata mmoja alinyoosha mkono. Mtu mpole, ana faili la kijani kwapani. "Samahani dada. Nyaraka za elimu ninazo zote humu, tangu nilipoanza kazi. Huu wa 1992 sina. Ulisainiwa na kamishna yupi?" Kabla sijajibu, mama mmoja wa kamati ya shule akasema yeye ameshaupiga picha ule ukurasa na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, kwa kuwa walikuwa wanasubiri waraka kwa muda mrefu. Hadi wakati wa chakula cha mchana simu za walimu wakuu wawili zilikuwa haziachi kuita. Wazazi walitaka kujua: ni kweli darasa la kwanza sasa litafundishwa Kiluguru?

Nilieleza kwa sauti inayotetemeka kwamba ile ni Uganda, kwamba si amri. Wengine walielewa. Wengine walibaki na lililoandikwa, kwa sababu lililoandikwa lilikuwa kwenye karatasi yenye nembo na mimi nilikuwa naongea tu. Jioni yule mama alinifuata nje akiwa na haya usoni, akaniomba radhi, na mimi ndiye niliyestahili kumwomba yeye. Alikuwa amesoma Kiswahili sawasawa. Kiswahili changu ndicho kilichomdanganya.

Hebu fikiria neno "waraka" linavyoishi Tanzania. Watu wote waliokuwa ukumbini waliufahamu Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ule uliofuta ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 watoto wakaingia shule bila malipo. Mzazi aliyekuwa akirudishiwa mtoto getini aliona kwa macho yake kitu kinachoitwa waraka kikifungua geti. Kwake waraka ni agizo lililokwisha kutolewa, lina namba, lina tarehe ya kuanza. Kuna nyaraka za utumishi na nyaraka za Hazina, zote zinamwambia mtu fulani afanye jambo fulani. Kanisani kuna Waraka wa Paulo kwa Warumi, nao ni maneno ya mwenye mamlaka kwa walio chini ya uangalizi wake. Neno limetoka Kiarabu, ambako maana yake ni jani au karatasi tu, lakini kwetu limekwisha kuvaa joho la amri.

White Paper si amri. Kibaya zaidi nilikuwa nimeongeza kitenzi "uliagiza" pale ambapo Kiingereza kilisema kwamba serikali imekubali pendekezo. Neno likamharibu mwenziwe.

Niliporudi Dar nilikwenda kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kuandika Taarifa Rasmi za Bunge, anayeishi jirani na dada yangu. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikamwekea kitini mapajani. Alisoma kimya kwa karibu nusu saa. Kisha akaniambia: "Mwanangu, usianze na hati inaitwaje. Anza na hati imefika wapi." Akachukua kalamu, nyuma ya bahasha ya dawa zake akachora mstari mrefu. Mwanzo wa mstari akaandika malalamiko ya wananchi. Mbele kidogo, tume. Mbele, jibu la serikali. Kisha sera, muswada, sheria, kanuni. Mwisho kabisa akaandika waraka, yaani barua inayomwambia mwalimu mkuu Jumatatu afanye nini. "White Paper iko hapa," akagonga kwenye jibu la serikali. "Wewe umeibeba ukaiweka kule mwisho. Umewarusha watu vituo vinne."

Bahasha ile ninayo hadi leo. Nitaeleza alichonifundisha pamoja na niliyoyasoma baadaye, maana mchoro ule ndio uliofungua kila kitu.

Jina lilitoka Uingereza na ni suala la jalada tu. Ripoti nene zilizopelekwa bungeni zilikuwa na majalada ya buluu, zikaitwa vitabu vya buluu. Hati fupi hazikuwekewa jalada la rangi, zikabaki nyeupe. Baadaye, mwaka 1967, serikali ya huko ilitoa hati yenye jalada la kijani kuuliza maoni kabla haijaamua, na tangu hapo kijani ni swali na nyeupe ni msimamo. Rangi haina maana nyingine, kwa hiyo kuifasiri rangi ni kufasiri duka la vifaa vya ofisini. Mwenzangu wa Bujumbura, aliyesoma kwa Kifaransa, husema "kitabu cheupe", na Waarabu nao husema kitabu cheupe. Kwao neno limeshazoeleka. Kwetu halijazoeleka, na msomaji wa Kilosa hana deni la kulijua.

Tanzania tuna mfano mmoja mkubwa, nao una utata wake. Mwaka 1998 Serikali ilitoa Waraka wa Serikali Na. 1 kuhusu maoni ya Katiba. Ndiyo, jina rasmi lilitumia neno waraka, na hilo ndilo lililonipa ujasiri usiku ule. Lakini tazama ulivyofanya kazi. Serikali ilieleza msimamo wake katika kila jambo, kisha ikawauliza wananchi wanaonaje, na Kamati iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga ikazunguka nchini kukusanya maoni. Jalada lilikuwa jeupe, tabia ilikuwa nusu ya kijani. Kamati iliporudi mwaka 1999 na pendekezo la serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano), Rais Mkapa alilikataa hadharani, akasema wamevuka mipaka ya kazi waliyopewa. Mwaka uliofuata yakapitishwa Mabadiliko ya 13 ya Katiba, na muundo wa serikali mbili ukabaki. Mtu anayesoma "waraka" wa 1998 kama amri hawezi kuelewa kwa nini watu waliulizwa, na anayeusoma kama dodoso tupu hawezi kuelewa kwa nini jibu moja lilikataliwa. Nikiandika juu yake leo naacha jina rasmi kama lilivyo, naongeza sentensi moja: hati ya msimamo wa serikali iliyopelekwa kwa wananchi watoe maoni. Maneno kumi. Yangeniokoa.

Uganda mambo yamenyooka zaidi, na ndio mfano ninaoutumia nikifundisha. Tume ya Profesa Senteza Kajubi ilipitia elimu yote ya nchi na kutoa ripoti mwaka 1989. Ripoti ya tume ni ushauri, hakuna anayefungwa nayo. Mwaka 1992 Serikali ikajibu kwa White Paper: hili tumelikubali, hili tumelirekebisha, hili hapana. Elimu ya msingi kwa wote ilianza kutekelezwa mwaka 1997, miaka mitano baada ya jibu na minane baada ya ripoti. Kiswahili, ambacho hati ya 1992 ilikitaka kiwe somo la lazima shule za msingi, kiliendelea kusubiri miaka mingi zaidi. Kama ingekuwa waraka kwa maana yetu ya Kitanzania, walimu wa Kiswahili wangekuwa madarasani muhula uliofuata.

Kuchanganya ripoti ya tume na jibu la serikali ni kosa ninaloliona kila wiki, hata kwenye magazeti. Tume ya Profesa Issa Shivji kuhusu ardhi ilitoa ripoti yake mwaka 1992 ikipendekeza, pamoja na mengine, kwamba hatima ya ardhi yote isibaki mikononi mwa Rais. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 haikulikubali hilo, na Sheria za Ardhi za 1999 zikabaki na msimamo kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Nimewasikia watu kwenye mikutano ya kijiji wakisimama na nakala ya pendekezo la tume, wakiamini wameshika sheria. Inauma kumwona mtu anapoteza hoja yake ya haki kwa sababu ameegemea hati iliyokataliwa miaka mingi iliyopita na hakuna aliyemwambia.

Wakati huohuo usimwambie msomaji kwamba kwa kuwa si sheria basi haina meno. Wakenya wanaijua hati yao ya 1965, Sessional Paper Nambari 10, juu ya ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo. Haikuwa sheria. Ilisema fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na miundombinu, ili faida itakayopatikana iwafikie wengine baadaye. Watu wa kaskazini mwa Kenya bado wanaitaja wakieleza kwa nini barabara ziliwachelewa. Mimi huiandika "Waraka wa Kikao Na. 10 wa 1965", nikiongeza mara ya kwanza kwamba ni hati ya sera ya serikali iliyowasilishwa bungeni.

Kosa la pili ningeweza kulificha, maana ni watu wachache walioliona. Kitini kilitaja hati ya Devonshire kuhusu Kenya, ile ambayo Waziri wa Makoloni wa Uingereza alitamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao yatangulie yakigongana na ya wahamiaji. Pembeni paliandikwa "Cmd. 1922". Nikaandika "Waraka wa Devonshire wa 1922". Mwalimu mstaafu wa historia alinisubiri wakati wa chai, akanivuta kando ili asiniaibishe, akasema hati ile ni ya Julai 1923. Ile 1922 ni namba ya hati, si mwaka. Uingereza ilikuwa inazipa namba mfululizo hati za aina hii ambazo serikali iliziwasilisha bungeni, na kwa sadfa namba 1922 iliangukia hati ya mwaka 1923. Herufi za mbele pia hubadilika kadiri ya kipindi: Cd., Cmd., Cmnd., Cm. Ukiziona, jua kinachofuata si mwaka, utafute tarehe yenyewe ndani ya hati.

Na hata hiyo ya 1923 ina funzo la kusoma zaidi ya sentensi maarufu. Ilitamka maslahi ya Mwafrika yatangulie, lakini nyanda za juu zikabaki kwa Wazungu, na katika Baraza la Kutunga Sheria Mwafrika aliwakilishwa na mmisionari. Mwafrika wa kwanza kuingia humo, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Tamko la kurasa chache lilikaa miaka 21 kabla halijapata mtu wa kulisemea.

Shirika halikunidai, niliamua mwenyewe kulipa. Kuchapa upya vitini vyote kungefika milioni mbili na zaidi. Tukakubaliana nitengeneze karatasi ya masahihisho, kurasa nne, nakala 350, na kuituma kwa kila mshiriki kupitia ofisi za kata. Uchapaji na usafirishaji ndizo hizo 385,000. Nilipompigia simu meneja wa mradi kumwambia, nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye daftari ili nisilie. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema angekasirika zaidi kama angelisikia kwa mtu mwingine. Ukikosea, piga simu siku hiyohiyo. Barua pepe haitoshi.

Sasa nikipokea hati ya aina hii nafanya kazi ya saa moja kabla sijaandika sentensi hata moja. Natafuta nani ameisaini: waziri, mwenyekiti wa tume, au katibu mkuu anayewaandikia watendaji wake. Napigia mstari vitenzi. "Serikali inakubali", "inakusudia", "italeta muswada" ni lugha ya White Paper. "Mnaelekezwa" na "kuanzia tarehe" ni lugha ya waraka. Naangalia kama kuna mwisho wa kupokea maoni, maana hapo hata jalada likiwa jeupe msomaji anayo nafasi ya kusema, na ni dhuluma kumfichia hiyo nafasi. Naangalia kama inajibu ripoti nyingine, na kama inajibu naitaja ripoti hiyo palepale. Kisha nachagua: mara nyingi "tamko la sera la serikali", na "hati ya msimamo wa serikali" inapojibu tume. Neno la Kiingereza naliweka mara moja mwanzoni, ili msomaji akilisikia redioni ajue ni kitu kilekile. Na jina la nchi liko kwenye kila kichwa cha habari. Kila kimoja, hata likichosha.

Sitafuti na kubadili neno kwa mpigo tena. Mara 31 zile zilikuwa za aina tatu tofauti: nyingine zilikuwa White Paper za kweli, nyingine ripoti, na mbili zilikuwa nyaraka za Baraza la Mawaziri, ambazo ni za siri na mwananchi hazioni kabisa.

Mwaka jana alinijia kijana na "white paper" ya sarafu ya kidijitali, anataka niiite Waraka kwa herufi kubwa. Kampuni zimelichukua jina hili zamani. Hata ile hati ya kurasa tisa iliyoitambulisha Bitcoin mwaka 2008 huitwa hivyo. Nilimweleza kwamba kwa Kiswahili chake wazee wa mtaani kwake wangedhani serikali imeidhinisha. Nikampa "andiko la maelezo ya mradi". Hakupenda, akaenda kwa mwingine. Bado nayafikiria malipo yale, na bado sijuti.

Miezi miwili baada ya Morogoro, yule afisa elimu kata alinitumia picha kwenye simu. Faili lake la kijani limefunguliwa. Upande wa kushoto kuna Waraka Na. 5 wa 2015, kingo zimechakaa. Upande wa kulia ametoboa karatasi yangu ya masahihisho na kuifunga vizuri, na juu yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Uganda. Si agizo. Ya kusoma."